Ndege inayofungwa kamba ili itoe umeme: kuirusha si kazi, kazi ni kuiongoza

Mwezi wa Agosti 2019, baharini karibu na kisiwa cha Karmøy, magharibi mwa Norway, ndege moja isiyo na rubani ilipaa kutoka kwenye boya lililokuwa likielea juu ya maji. Haikuwa na mahali pa kwenda. Ilikuwa imefungwa kamba yenye urefu wa mita zaidi ya 400, na kazi yake ilikuwa kuzunguka angani ikipigwa na upepo, huku umeme ukishuka chini kwa njia ya kamba hiyohiyo. Jaribio la kwanza lilifaulu. Katika jaribio la pili, ndege ilianguka baharini.

Miezi sita tu baadaye, Februari 2020, kampuni ya Alphabet, mama wa Google, ilitangaza kwamba haitaendelea kuulipia mradi huo. Kampuni iliyoitengeneza ndege, Makani ya California, ikafunga milango. Ilikuwa imefanya kazi hiyo tangu 2006, na mmoja wa waanzilishi wake, Corwin Hardham, alikuwa amefariki 2012 bila kuona mtambo mkubwa ukiruka. Mtambo huo waliuita M600, kwa sababu ulikusudiwa kutoa kilowati 600. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 26 hivi, kupita hata Let-410, zile ndege ndogo ambazo wakaaji wa mashariki mwa Congo wanazijua vizuri, zenye mabawa ya mita 20.

Wengi waliosoma habari hiyo walisema tu kwamba wazo lilikuwa la kichaa. Tukifuatilia maandishi ambayo wahandisi wenyewe waliyaacha, tunaona jambo lingine. Upepo ulikuwepo, na ndege ilikuwa imara ya kutosha. Shida kubwa ilikuwa kuamua, kila sehemu ya sekunde, ndege ielekee wapi. Na swali hilo lina tawi lake la hesabu, ambalo wataalamu wanaliita uongozaji bora.

Kwanza, kwa nini mtu afunge ndege kwa kamba?

Tazama mtambo wa kawaida wa upepo, ule wenye mnara na panga tatu. Ncha ya panga ndiyo inayokimbia sana na kukata hewa nyingi, kwa hiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Sehemu ya panga iliyo karibu na kitovu inatoa kidogo, na mnara wenyewe hautoi chochote: unasimama tu kuibeba mashine. Mnara huo ndio unaokula chuma, saruji na barabara. Kule Kenya, kabla ya mitambo 365 ya Ziwa Turkana kusimama, ilibidi kwanza barabara ya zaidi ya kilometa 200 itengenezwe upya ili malori yapite.

Wazo la ndege iliyofungwa ni kubakiza ile ncha ya panga peke yake, kisha kuweka kamba mahali pa vyote vingine. Faida ya pili ni urefu. Ukipanda juu, mara nyingi upepo unakuwa na nguvu zaidi na hautikisiki sana. Na nguvu ya upepo haiongezeki polepole: mwendo wa upepo ukiwa mara mbili, nguvu iliyo ndani yake inakuwa mara nane.

Mtu wa kwanza kuipigia jambo hili hesabu kamili ni Mmarekani Miles Loyd. Mwaka 1980 alichapisha makala ya kurasa chache ambayo hadi leo kila mhandisi wa fani hii anaanza nayo. Alichukua mfano wa bawa lenye ukubwa wa lile la C-5A, ndege kubwa ya mizigo ya jeshi la Marekani, akalifunga kamba kwenye karatasi, akaliweka katika upepo wa mita 10 kwa sekunde. Jibu lilikuwa megawati 6,7. Siri yake ni kwamba bawa lisikae limetulia angani kama kishada cha watoto. Linapaswa kukimbia kukata upepo kwa kando, kushoto na kulia, kwa mwendo unaopita ule wa upepo wenyewe mara kadhaa. Kadiri linavyokimbia, ndivyo linavyovuta kamba.

Wakati ule bei ya mafuta ilikuwa juu. Ilipoanguka, wenye pesa wakasahau. Kulikuwa pia na sababu nyingine: kompyuta za 1980 hazikuweza kuongoza bawa la namna hiyo.

Leo kuna njia mbili za kupata umeme. Ya kwanza ni ile ya Makani: propela zinawekwa juu ya bawa, upepo wa mwendo unazizungusha, na umeme unashuka kwenye kamba yenye nyaya ndani. Ya pili ni rahisi kuielewa. Mashine inabaki chini, ikiwa imeunganishwa na ngoma iliyozungushiwa kamba. Bawa linavuta, kamba inafunguka, ngoma inazunguka na umeme unatoka. Kamba ikifika mwisho, bawa linageuzwa lisivute sana, na injini inairudisha kamba kwenye ngoma. Kisha kazi inaanza upya.

Mtu wa Goma anaweza kuifikiria njia hii ya pili kwa kumtazama mwenye chukudu anayeteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi. Kwenye mteremko mzigo wenyewe unampeleka. Lakini kuna kurudi: jioni atausukuma mti ule mlimani kwa jasho lake. Hesabu ya siku haifanywi kwenye mteremko peke yake. Vivyo hivyo na bawa: kamba ikifunguka linatoa umeme, kamba ikirudi linakula umeme. Mhandisi anayetafuta nguvu nyingi wakati wa kufungua, bila kufikiri gharama ya kurudi, anajidanganya.

Hapo ndipo hesabu ya uongozaji inapoingia, na inafaa tukae nayo kidogo.

Anza na swali dogo: kamba ifunguke kwa mwendo gani? Ukiishika isifunguke hata kidogo, mvuto unakuwa mkubwa sana lakini ngoma haizunguki, kwa hiyo umeme ni sifuri. Ukiiachia ikimbie pamoja na upepo, ngoma inazunguka kwa kasi lakini kamba imelegea, na umeme ni sifuri tena. Kati ya sifuri hizo mbili kuna mwendo mmoja ulio bora kuliko yote. Loyd alionyesha kwamba, katika hali rahisi kabisa, mwendo huo ni theluthi moja ya mwendo wa upepo. Upepo ukiwa mita 9 kwa sekunde, kamba ifunguke kwa mita 3.

Jibu hilo linapendeza kwa ufupi wake, lakini ndege halisi haiishi katika hali rahisi. Kamba ina uzito. Tena inakimbia pamoja na bawa, ikikata hewa kwa urefu wake wote na kulirudisha nyuma. Bawa likipanda linapoteza mwendo, likishuka linauongeza. Upepo wa mita 100 si sawa na ule wa mita 300. Kwa hiyo swali linabadilika. Hatuulizi tena mwendo mmoja. Tunauliza: katika mzunguko mzima wa dakika moja au mbili, ndege ipite njia gani, igeuke wapi, ilale upande kwa kiasi gani, na ngoma ifungue au ivute kwa mwendo gani kwa kila wakati, ili wastani wa umeme uwe mkubwa kuliko wa njia nyingine yoyote?

Njia za kuchagua hazina idadi. Msingi wa kuzichuja uliwekwa Moscow katika miaka ya 1950 na Lev Pontryagin, mwanahesabu aliyekuwa kipofu tangu ujana wake, pamoja na wenzake. Walitaka kujua jinsi ya kuongoza kitu chochote kinachobadilika kwa wakati, ili kifike kwa gharama ndogo kabisa. Kanuni yao ilitumika kwa roketi na kwa viwanda vya kemikali. Watu waliopeleka hesabu za namna hii kwenye ndege zenye kamba walipatikana baadaye, na mmoja wa wanaojulikana zaidi ni Mjerumani Moritz Diehl. Alifundisha Leuven, Ubelgiji, kabla ya kwenda Freiburg. Leuven ni mji uleule ambao chuo kikuu chake ndicho kilichozaa Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954. Kwa pesa za Baraza la Utafiti la Ulaya, kikundi cha Diehl kiliendesha mradi ulioitwa HIGHWIND, ambao kazi yake ilikuwa hasa swali hili.

Kompyuta inapewa vitu vitatu. Inapewa sheria za mwendo: uzito, nguvu ya kuinua, ukinzani wa hewa, mvuto wa kamba. Inapewa makatazo: kamba isivutwe kupita nguvu yake, ndege isishuke chini ya urefu fulani, bawa lisipinde kupita kiasi. Na inapewa sharti moja ambalo mtu anaweza kulisahau: mwisho wa mzunguko, ndege iwe palepale ilipoanzia, kwa mwendo uleule na kamba ya urefu uleule. Bila sharti hilo kompyuta ingedanganya. Ingeshusha ndege chini kwa kasi, ipate umeme mwingi kwa dakika moja, kisha iiache iko karibu na udongo bila njia ya kupanda.

Majibu yanayotoka yana sura zinazojulikana. Mara nyingi ni duara au nambari nane iliyolala. Nambari nane ina faida moja ya kawaida kabisa: ukizunguka duara upande mmoja daima, kamba inajisokota, ukiandika nane, msokoto wa kushoto unafuta wa kulia.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi katika maandishi haya ni lingine. Jibu bora karibu kila mara linakaa ukingoni. Kama umesema kamba inavumilia tani 4, kompyuta itaifikisha tani 4. Kama umesema ndege isipite chini ya mita 100, utaikuta kwenye mita 100. Hesabu haina woga. Kila nafasi uliyoiacha wazi kwa ajili ya usalama inaonekana kwake kama umeme uliotupwa, na inakwenda kuuchukua.

Mwenye chukudu angeelewa shida hiyo mara moja. Kama breki ya kiatu chake inaweza kuushika mzigo kwa mwendo fulani kwenye barabara kavu, haendi kwa mwendo huo kamili, maana hajui kama mvua imenyesha kwenye kona inayofuata. Anabakiza kidogo. Je, kidogo kiasi gani? Ukibakiza sana, unafika soko limekwisha. Usipobakiza, viazi vinaingia mtaroni, na wewe pamoja navyo. Kwa ndege yenye kamba, hilo ndilo swali la pesa zote. Kila kilo ya mvuto unayoikataa ni umeme usiouzwa. Kila kilo unayoikubali inaikaribisha ndege kwenye ajali.

Na kona yenye mvua ipo, kwa sababu upepo haujulikani. Kifaa cha kupima upepo kikiwa chini, hakisemi kinachotokea mita 300 juu, mahali bawa lilipo sasa hivi. Ndiyo maana njia bora iliyohesabiwa asubuhi haitoshi. Wahandisi wanaifanya kompyuta ihesabu upya bila kukoma: inatazama ndege iko wapi, inakadiria upepo, inapanga sekunde chache zijazo, inatekeleza hatua ya kwanza tu ya mpango huo, kisha inaufuta na kupanga tena. Yote hayo katika sehemu ndogo ya sekunde. Ikichelewa, ndege imekwisha kuhama, na jibu ni la mahali ambapo haipo tena.

Zaidi ya yote kuna kuanza na kumaliza. Ndege ya Makani ilipaa wima kwa propela zake kama helikopta, ikageuka kuwa ndege ya kuzunguka, na baadaye ilipaswa kugeuka tena ili itue. Mageuzo hayo ni magumu kuliko kuzunguka kwenyewe. Pale Leuven walijaribu njia nyingine: ndege ndogo inafungwa kwenye mkono unaozunguka, kama bembea za sikukuu, mpaka ipate mwendo wa kujishikilia angani, ndipo kamba inafunguliwa. Watoto wangependa kuitazama. Lakini fikiria kuifanya na ndege yenye uzito wa gari, usiku, wakati upepo unaanza kukata.

Kwa sababu ya ugumu huu wengine waliacha ndege ngumu, wakachagua kitambaa. Delft, nchini Uholanzi, kazi hiyo ilianzishwa na Wubbo Ockels, aliyekuwa ameruka na chombo cha anga Challenger mwaka 1985 kabla ya kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Alifariki 2014. Kutoka maabara hiyo ilizaliwa kampuni ya Kitepower, ambayo mwaka 2021 ilipeleka mtambo wake Aruba pamoja na jeshi la Uholanzi, na tangu 2023 imekuwa ikiurusha Bangor Erris, magharibi mwa Ireland, kwenye uwanja wa majaribio wa kampuni ya umeme RWE. Bawa lake ni kishada cha kitambaa cha mita za mraba 60 hivi, na mashine yote inaingia katika kontena moja. Kampuni ya Ujerumani SkySails nayo ilifikisha kishada chake Mauritius, katika Bahari ya Hindi.

Kitambaa kikianguka, mara nyingi unakiokota na kukishona. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na mimi naiona kuwa sababu ya kampuni hizi kuwa bado hai, wakati Makani imefungwa na Ampyx Power ya Uholanzi, iliyojenga ndege ngumu, ilifilisika 2022. Lakini kitambaa kinalipiwa kwa njia nyingine. Kwanza, jua linakila. Pili, hesabu ya Loyd inasema kwamba nguvu inakwenda na mraba wa uwiano kati ya nguvu ya kuinua na ukinzani wa hewa. Bawa lenye uwiano mara mbili linatoa mara nne. Bawa gumu lina uwiano mzuri, kitambaa kinao wa wastani tu. Kwa hiyo soko linalotafutwa sasa ni dogo kuliko ndoto ya 1980: visiwa, kambi za jeshi, machimbo na vijiji vinavyoishi kwa jenereta za mazutu.

Watafiti hawajaiacha ndege ngumu. Hesabu za kikundi cha Diehl zilionyesha mwaka 2013 kwamba mabawa mawili yanayozunguka kila moja upande wake, yakiwa yamefungwa kwenye kamba moja kuu, yanaweza kutoa zaidi. Kamba kuu inabaki karibu imesimama, na ni vipande viwili vifupi tu vya juu vinavyokata hewa kwa kasi. Kwenye kompyuta ni jibu zuri sana. Angani, ni ndege mbili ambazo hazipaswi kugongana, na kamba mbili ambazo hazipaswi kushikana.

Msomaji wa Goma, Bukavu ama Beni atauliza: na sisi je? Jibu la ukweli ni kwamba hapa si mahali pa kuanzia. Karibu na ikweta upepo wa bara ni dhaifu, na tumekwisha kuona kwamba upepo ukipungua nusu, nguvu inabaki moja ya nane. Mito yetu inatoa umeme kwa njia rahisi zaidi, na Matebe kule Rutshuru ni ushahidi.

Kuna pia radi. Utafiti uliochapishwa 2016, uliotumia vipimo vya satelaiti vya miaka 16, uliiweka Kabare, katika Kivu Kusini, ya kwanza Afrika na ya pili duniani nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: miale 205 hivi kwa kila kilometa ya mraba, kwa mwaka. Kampene, katika Maniema, ilikuwa ya tatu. Kuweka kamba ya mita 400 iliyolowa mvua juu ya milima ya Kabare ni kuiita radi nyumbani. Kishada kingebaki chini mwezi mzima, na kinapobaki chini hakitoi kitu.

Hata hivyo, kuna kitu kimoja katika kazi hii ambacho hakihitaji upepo. Programu ambazo watafiti wanatumia kuhesabu njia hizi zinapatikana bure. CasADi, iliyoanzishwa Leuven, na AWEbox ya Freiburg, mtu yeyote anaweza kuzipakua. Makani nayo, ilipofunga, iliweka wazi ripoti zake, kodi zake za kompyuta na kumbukumbu za safari za majaribio, na ikaahidi kutowashitaki wanaotumia hati zake za uvumbuzi. Mwanafunzi wa hesabu mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti ya usiku, ile ya bei nafuu, anaweza kusoma jinsi safari ya pili ya Karmøy ilivyokwenda kombo. Hesabu hizohizo zinaongoza pia milango ya maji ya bwawa la umeme, betri zilizounganishwa na paneli za jua, na droni zinazopeleka dawa.

Kwa wanaoendelea na vishada, kipimo kinachosubiriwa sasa si kilowati tena. Ni saa: mtambo uruke usiku na mchana, ushuke wenyewe upepo unapokata, upande wenyewe unaporudi, bila mtu kukaa chini akiwa ameshika kitufe cha kusimamisha. Mitambo ya minara inafanya kazi hivyo kwa miaka 20 na zaidi. Yenye kamba haijafika hapo.